Mfuko mwepesi si sababu ya kula vibaya

Na DAKTARI WETU

Inapotimia saa saba mchana, ofisi, gereji na maduka ya miji yetu hutema watu barabarani. Wenye uwezo huelekea mikahawa ya viti vya kuegemea. Wengi, yaani makarani, mabawabu, makondakta, vibarua wa mijengo na wanafunzi wa vyuo, hukata kona wakaingia vibandani kula ugali kwa sukuma wiki, chapati kwa madondo, githeri au wali kwa ndengu. Wengine hununua chipsi na soda, wakala huku wakitembea. Na kuna kundi ambalo halitajwi sana: wale wanaozunguka mji mpaka saa nane igonge, kisha wakarudi kazini na glasi ya maji tumboni.

Je, msomaji, wewe u katika kundi gani?

Nauliza kwa sababu maradhi mengi yanayoletwa kwenye chumba cha daktari yana mizizi yake kwenye sahani. Shinikizo la damu, kisukari, upungufu wa damu, kuhara na homa ya matumbo vyote hupitia mdomoni kwa njia moja au nyingine. Na kila nimshauripo mgonjwa abadilishe chakula, jawabu huwa ni lile lile: "Daktari, chakula kizuri ni cha matajiri." Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno hata nimeona afadhali niijibu hadharani.

Sikatai kwamba gharama ya maisha imepanda. Unga, mafuta ya kupikia na gesi vinamkaba kila mtu koo. Lakini ukweli ni kwamba baadhi ya vyakula bora kabisa kwa mwili ndivyo vya bei nafuu sokoni, na baadhi ya vile vinavyotuletea maradhi ndivyo vinavyotumaliza pesa. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini mwaka wa 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulionyesha kwamba watu wazima 94 katika kila 100 hawakuwa wakila mboga na matunda ya kutosha, na kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Hayo hayakutokea kwa sababu mama mboga hana mboga.

Piga hesabu kwanza

Kabla ya kuzungumzia vitamini, chukua kalamu na karatasi. Tuseme mfanyakazi mmoja wa mjini hutumia shilingi 50 kwa chai na mandazi asubuhi, shilingi 150 kwa chakula cha mchana, na shilingi 80 kwa soda na soseji ya kando ya barabara jioni akisubiri matatu. Hizo ni shilingi 280 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi zinafika shilingi 6,160 kwa mwezi. Ile soda na soseji pekee inachukua shilingi 1,760 kwa mwezi, yaani shilingi 21,120 kwa mwaka mzima.

Huenda bei za mtaani kwako zikawa tofauti. Weka zako, uone. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Hakuna anayehisi shilingi 80 zikitoka mfukoni, lakini shilingi 21,120 ni karo ya mtoto, ni mtungi wa gesi mara kadhaa, ni bima ya afya.

Sikuambii uache kula nje. Mtu anayetoka Kayole au Githurai saa kumi na moja alfajiri na kurejea saa mbili usiku hana budi kula nje. Ninachokuomba ni kwamba kila shilingi unayoitoa kwa chakula ikununulie chakula, si utamu wa dakika tano.

Sahani iweje?

Wataalamu wa lishe wana kipimo chepesi ambacho hakihitaji mizani. Igawe sahani yako kwa macho. Nusu iwe mboga na matunda. Robo iwe chakula cha kujenga mwili, kama vile maharagwe, ndengu, omena, yai, samaki au nyama. Robo iliyobaki ndiyo iwe ugali, wali, chapati au viazi.

Sasa itazame sahani ya kawaida ya kibandani. Mlima wa ugali umesimama katikati, na kando yake sukuma wiki kijiko kimoja na nusu. Au wali umewekewa chapati juu na viazi ndani ya mchuzi. Hiyo ni wanga juu ya wanga juu ya wanga. Tumbo hujaa, saa tisa usingizi unakubana kwenye kiti, na saa kumi na moja njaa inarudi. Kwa mgonjwa wa kisukari, sahani kama hiyo hupandisha sukari mwilini kwa kasi, hata kama hakuna kijiko cha sukari kilichotiwa.

Dawa yake ni mdomo wako. Mwambie mpishi: "Mama, nipunguzie ugali, uniongezee mboga na maharagwe." Aghalabu atakubali, hasa ukiwa mteja wake wa kila siku, na mara nyingi bei haitabadilika sana. Ukila chapati kwa madondo, chukua chapati moja badala ya mbili na uagize madondo zaidi. Ukiona parachichi, nunua nusu. Mafuta yake ni mema kwa moyo na hukushibisha kwa muda mrefu.

Neno moja kwa wenye kisukari: ikiwa unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usiruke chakula cha mchana ili kubana matumizi. Sukari yaweza kushuka ghafla ukazirai barabarani. Kama pesa hazitoshi, zungumza na daktari wako kuhusu dawa zako. Usiamue peke yako.

Kibanda kipi uingie?

Watu wengi huamini kwamba hoteli ya bei ghali ni salama na kibanda ni hatari. Mwaka wa 2017, kipindupindu kilipozuka jijini Nairobi, miongoni mwa waliougua walikuwa wageni waliohudhuria mkutano katika hoteli kubwa. Vijidudu havisomi orodha ya bei. Kuna vibanda visafi kuliko jikoni za mahoteli, na kuna vingine vya kuvikimbia. Kabla hujaketi, tazama mambo haya:

Kwanza, maji. Je, kuna mtungi wenye mfereji na sabuni ya kunawia mikono? Sahani zinaoshwa kwa maji yanayobadilishwa, au zote zinachovywa katika beseni moja lenye maji ya rangi ya mchuzi?

Pili, moto. Chakula kinachotoka jikoni kikifuka mvuke ni salama kuliko kilichopikwa asubuhi na kuachwa kikiwa vuguvugu. Vijidudu hupenda joto la kadiri na huzaana kwa wingi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60. Ndiyo maana chakula kilichopikwa hakifai kukaa nje kwa zaidi ya saa mbili. Kama unaweza, kula mapema wakati sufuria bado iko motoni.

Tatu, mikono. Anayepokea pesa asiwe ndiye anayeshika chapati kwa vidole. Sheria inawataka wanaoandaa chakula cha kuuza wapimwe afya na wawe na cheti, nacho hufanywa upya kila baada ya miezi sita. Kuuliza si ufidhuli. Mwenye cheti hufurahi kukionyesha.

Nne, wateja. Kibanda kinachojaa watu humaliza chakula siku hiyo hiyo. Kisicho na watu huenda kikakuuzia cha jana.

Tano, kachumbari na matunda yaliyokatwa. Vyakula hivi havipiti motoni, hivyo usafi wake unategemea maji na mikono tu. Isitoshe, baadhi ya mboga zinazouzwa mijini hulimwa kando ya mito inayobeba maji taka. Ikiwa huna hakika, wacha kachumbari, uchukue tunda lenye ganda ulimenye mwenyewe: ndizi, chungwa, au embe msimu wake ukifika.

Na ukifungiwa chakula cha moto kwenye karatasi ya gazeti, hata liwe gazeti hili, kataa. Wino wa kuchapia haukutengenezwa uliwe. Vivyo hivyo kwa wapishi wanaofunika sufuria ya wali kwa karatasi ya plastiki ili mvuke usitoke. Plastiki ikipata joto, kemikali zake huweza kuingia chakulani. Beba mkebe wako kutoka nyumbani.

Mafuta meusi

Chipsi si sumu, wala sitaki mtu aseme daktari amezipiga marufuku. Lakini kiazi kikikaangwa huwa na nguvu za kunenepesha zaidi ya mara tatu kuliko kiazi cha uzani uo huo kilichochemshwa, kwa sababu hunywa mafuta. Ukizila mara moja baada ya wiki kadhaa hakuna neno. Ukizila kila siku kwa soda, unalipa pesa ili ukanunue dawa za pressure baadaye.

Hatari kubwa zaidi imo katika karai. Mafuta yanayotumiwa kukaanga siku baada ya siku huharibika na kuzaa kemikali zinazodhuru mishipa ya damu. Utayajua kwa rangi yake nyeusi, kwa povu, kwa moshi unaowasha macho na kwa harufu inayobaki kwenye nguo zako. Ukiyaona, geuka.

Kuhusu soda, jua kwamba chupa ya mililita 500 ina sukari isiyopungua vijiko 12 vya chai. Shirika la Afya Duniani linapendekeza tusipitishe takriban vijiko 12 kwa siku, na ikiwezekana tukomee sita. Basi chupa moja imekwisha kumaliza mgao wa siku nzima, kabla ya chai yako ya jioni.

Maharagwe hayaleti vidonda vya tumbo

Hapa nataka tusimame kidogo, maana imani hii inawagharimu watu pesa na afya. Wagonjwa wengi huniambia wameacha maharagwe, ndengu na githeri kwa sababu "wana acid" au wanaogopa vidonda vya tumbo. Badala yake hununua nyama, ambayo hawaimudu, au hula ugali kwa mchuzi mtupu.

Kwa miaka mingi hata madaktari walidhani kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo mengi na vyakula fulani. Mnamo miaka ya 1980 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walionyesha kwamba chanzo kikubwa ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na mwaka wa 2005 wakatunukiwa tuzo ya Nobel kwa ugunduzi huo. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ambazo watu humeza ovyo bila ushauri. Bakteria huyo hupimwa na kutibiwa kwa dawa za wiki mbili hivi.

Maharagwe huleta gesi, nakubali. Gesi si kidonda. Ili kuipunguza, loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji yale, kisha chemsha kwa maji mapya. Anza kwa kula kidogo kidogo, tumbo litazoea. Lakini ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu, au ukikonda bila sababu, wacha maharagwe kando na uje hospitalini upesi.

Nimeyatetea maharagwe kwa sababu ndiyo nyama ya mtu wa kipato cha chini. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyopikwa kina takriban gramu 15 za protini. Yai moja lina kama gramu sita. Mtu mzima mwenye uzani wa kilo 60 anahitaji karibu gramu 50 kwa siku. Ukichanganya maharagwe na mahindi, kama walivyofanya nyanya zetu katika githeri, kila kimoja hukamilisha upungufu wa mwenzake. Wazee hawakuwa na maabara, ila walijua kupika.

Chai na damu

Jambo jingine lisilogharimu hata senti ni wakati wa kunywa chai. Akina mama wengi hupungukiwa na damu, hasa wenye mimba na wale wanaotokwa na hedhi nyingi. Madini ya chuma yaliyo katika mboga na maharagwe hufyonzwa na mwili kwa shida. Ukinywa chai pamoja na chakula, kemikali za majani ya chai huyashika madini hayo, nayo hupita bure yakaenda chooni.

Basi itenge chai na chakula kwa muda wa saa moja hivi. Badala yake, maliza chakula kwa chungwa, kamulia limau juu ya mboga, au kula pera. Vitamini C husaidia chuma kuingia damuni, na pera lina vitamini hiyo takriban mara nne kuliko chungwa la uzani uo huo. Msimu wake ukifika, mapera huuzwa kwa bei ya kutupa, nasi tunayapita tukienda kununua sharubati ya pakiti iliyojaa sukari.

Jikoni nyumbani

Watu huacha kupika nyumbani kwa sababu mbili: kuni ni ghali, na muda hakuna. Nasema kuni nikimaanisha gesi, makaa au mafuta taa. Tuzungumzie yote mawili.

Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huiva mapema zaidi kuliko makavu. Hapo umeokoa gesi. Baada ya kuchemka kwa nguvu kwa nusu saa hivi, unaweza kuitia sufuria iliyofunikwa vizuri ndani ya kikapu cha kuhifadhi joto, kile kilichoshonewa vitambaa na sponji ndani. Chakula huendelea kuiva bila moto. Kikitoka humo, kichemshe tena kabla ya kula. Usiyale maharagwe mekundu ambayo hayajaiva sawasawa. Yana sumu ya asili inayotapisha, na sharti yachemke kwa nguvu kwa dakika zisizopungua kumi ndipo sumu hiyo iishe.

Ikiwa huna muda kabisa, nunua githeri au maharagwe yaliyochemshwa kwa wale akina mama wa mtaani, uyachemshe tena vyema nyumbani, kisha uyakaange kwa kitunguu na nyanya. Huo ni mlo wa dakika ishirini.

Epuka kutia magadi ili kulainisha githeri au mboga. Magadi huharibu baadhi ya vitamini na huongeza sodiamu, ile ile iliyomo katika chumvi. Kwa mwenye shinikizo la damu, hiyo ni kuchochea moto kwa petroli.

Kuhusu sukuma wiki, ioshe kabla ya kuikata. Ukiikata kwanza kisha ukaiosha na kuikamua, vitamini nyingi zimekwenda na yale maji ya kijani. Ipike kwa dakika chache tu na mafuta kidogo. Mafuta hayo madogo ni ya lazima, maana bila mafuta mwili haufyonzi vitamini A iliyomo. Na usile sukuma wiki siku saba za wiki. Badilisha kwa managu, terere, kunde au mrenda. Mboga hizi za kienyeji zina chuma na kalsiamu kuliko kabichi, na katika masoko mengi fungu lake halikuzidi bei sana.

Omena wasidharauliwe. Huliwa na mifupa yao, kwa hiyo hutupa kalsiamu pamoja na protini. Waoshe kwa maji moto kuondoa mchanga, wakaushe, kisha wakaange kwa nyanya. Gao mbili za omena kavu zaweza kulisha nyumba ya watu wanne.

Unga nao una siri zake. Tangu mwaka wa 2012 sheria inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwa pakiti uongezwe vitamini na madini, yakiwemo chuma na zinki. Tazama alama ya ubora ya shirika la KEBS. Ukipenda unga wa posho, chagua mahindi yako kwa makini, utoe punje zilizooza, zilizobadilika rangi au kuota kuvu, na uyakaushe vizuri kabla ya kusaga. Mwaka wa 2004, mahindi yenye sumu ya aflatoksini yaliwaua watu 125 katika eneo la mashariki mwa nchi, hasa Makueni na Kitui. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Mahindi yenye kuvu hayafai kwa mtu, na hayafai kwa kuku wala ng'ombe, kwa sababu sumu hurudi kwetu kupitia maziwa na mayai.

Maziwa ya kupimiwa yachemshe kila mara, hata muuzaji akiapa kuwa yamechemshwa. Na chumvi ya nyumba nzima ipimwe. Mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai kwa siku, tukihesabu iliyo katika mkate, soseji na vile viungo vya mchuzi vya pakiti, ambavyo karibu vyote vimejaa chumvi. Ukitia viungo hivyo, usitie chumvi tena. Vitunguu saumu, tangawizi, dania na limau hutia ladha bila kukudhuru.

Kubeba chakula kazini

Kubeba chakula ndiyo njia ya hakika ya kuokoa pesa, lakini ina hatari yake. Wali uliopikwa saa kumi na moja asubuhi na kuliwa saa saba mchana umekaa saa nane. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus anayependa wali. Hutoa sumu ambayo haiishi hata ukiupasha moto.

Fanya hivi. Kama kazini kuna friji, kitie chakula humo ukifika, halafu kipashe mpaka kitoe mvuke. Kama hakuna, tumia chupa pana ya kuhifadhi joto: itie maji moto kwanza, uyamwage, kisha utie chakula kikiwa kinachemka. Kama huna chupa hiyo, beba vyakula visivyoharibika haraka, kama vile viazi vitamu au nduma zilizochemshwa, mayai ya kuchemsha yakiwa na maganda yake, njugu karanga na ndizi. Mlo huo hauna aibu. Wenzako watacheka siku ya kwanza. Siku ya tatu watakuomba kipande cha nduma.

Nyumbani, asiye na friji apike kinachotosha siku hiyo. Kutupa chakula ni hasara, lakini kukila kimechacha ni hasara mara mbili.

Ukishikwa na tumbo

Hata ukijihadhari, siku moja tumbo litakusumbua. Usikimbilie dukani kununua dawa za kuua bakteria. Kuhara kwingi hupona bila dawa hizo, na kuzitumia ovyo kumefanya baadhi ya vijidudu kuwa sugu. Wala usikubali kila homa iitwe homa ya matumbo kwa kipimo kimoja cha damu cha Widal. Kipimo hicho hukosea mara nyingi. Muulize daktari kama unaweza kupimwa kwa kuotesha vijidudu maabara.

La kwanza ni maji. Nunua pakiti za maji ya chumvi na sukari kwenye duka la dawa. Ukizikosa, chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, utie vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, ukoroge. Kunywa kidogo kidogo kila unapohara. Mtoto apewe vivyo hivyo, aendelee kunyonya na kula, na apelekwe kliniki apate vidonge vya zinki.

Enda hospitalini mara moja ukiona damu kwenye choo, homa kali, kutapika kusikokoma, kuhara maji meupe kama maji ya mchele, au mkojo ukipungua. Mtoto anayelegea, macho yakazama na akakataa kunyonya, asingojewe mpaka asubuhi.

Anza na mambo matatu

Najua msomaji hawezi kubadilisha kila kitu wiki hii. Anza na matatu. Soda ya kila siku iwe ya Jumapili, na pesa zake zinunue matunda. Maharagwe, ndengu au omena viwepo mezani angalau siku nne kwa wiki. Na kila sahani utakayoagiza kibandani, omba mboga zaidi na ugali kidogo. Baada ya mwezi mmoja, pima uzani, pima shinikizo la damu katika kituo cha afya kilicho karibu, na uhesabu kilichobaki mfukoni.

Chakula kizuri si cha matajiri. Kiko kwenye gunia la mama mboga na kwenye debe la ndengu, na hakihitaji kitambaa cheupe mezani.